Uzi: Bia ya rai tuliyofungua Mwanga, Kigoma. Ukiinywa ya baridi kali hutaijua

ReliYaKati (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Kama wewe ni mtu wa bia na hujawahi kukutana na bia ya rai, tulia na uzi huu. Nataka kueleza ni bia gani, ladha yake ikoje, na kwa nini naamini tabia yetu ya kudai bia iliyokaribia kuganda inatunyima sehemu nzuri kabisa ya kinywaji.

Rai ni nafaka, ndugu wa ngano. Inalimwa sana Ujerumani, Poland na Urusi, kwenye ardhi ya kichanga na baridi kali ambako ngano inagoma. Huko wanaisaga kuoka mkate mweusi, mzito. Wamarekani wanatengenezea wiski, na sheria yao inataka wiski ikiitwa ya rai, nafaka hiyo iwe asilimia 51 au zaidi ya mchanganyiko. Kwenye bia rai ni adimu zaidi, na kuna sababu ya kihistoria. Tarehe 23 Aprili 1516 watawala wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, walitoa amri pale Ingolstadt kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji basi. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba ngano na rai ziachiwe waoka mikate, watu wasilale njaa kwa ajili ya walevi. Bia ya rai ikafifia kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1988 kiwanda kimoja cha Schierling, karibu na Regensburg, kilipoirudisha sokoni. Wenyewe wanaiita Roggenbier.

Sasa imefikaje Kigoma? Kuna mwenzetu anasoma huko Bavaria. Amekuja likizo, akashuka Dar, akapanda treni yetu ya siku zote mpaka mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200, na mzigo wake wa chupa umefungwa ndani ya mashuka. Chupa zenyewe ni za kahawia iliyokolea. Hilo si urembo. Mwanga wa jua ukiikuta hopsi ndani ya bia unazaa harufu mbaya, na rangi ya kahawia ndiyo kinga.

Tulikutana kwenye baa yetu ya Mwanga, meza ya nje chini ya mwembe. Mama mwenye baa tulishaongea naye mapema: tutaagiza migebuka ya kuchoma na bia zake kama kawaida, na tutatoa kidogo kwa kufunguliwa za kwetu. Akakubali kwa moyo mweupe, akatuletea na glasi safi. Mhudumu akauliza lile swali la kila baa ya nchi hii, "Za moto au za baridi?"

Meza nzima tukajibu kwa sauti moja, za baridi. Aliyezileta akakataa. Akasema zikae kwenye friji muda mfupi tu, zipoe bila kuganda, la sivyo tutakunywa maji yenye povu. Ubishi ukawa mkubwa, maana jua la Kigoma mnalijua. Pale mezani alikuwepo mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli, ambaye miaka yote anakunywa bia ya moto na sisi vijana tunamshangaa. Yeye ndiye aliyetoa hukumu: moja iingie friza ikae mpaka ishike barafu nje, nyingine ipozwe kidogo, tufungue zote mbili kwa pamoja kisha tuseme.

Ndivyo tulivyofanya, na nawaambia ukweli, sikutegemea tofauti kubwa namna ile.

Ya friza ilikuwa nzuri. Rangi ya shaba iliyoiva, povu limesimama, gesi inachoma koo, uchungu kidogo. Ukinifunga macho ningesema ni bia nyeusi fulani, basi.

Ya pili, kabla glasi haijafika mdomoni, imeshajitangaza. Ndizi mbivu. Halafu karafuu. Dada mmoja pale mezani akauliza wameweka ndizi kweli? Hawakuweka. Hamira inayotumika ni ileile ya bia za ngano za Bavaria, na ikifanya kazi inatoa kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, pamoja na nyingine iliyo ndugu wa ile ya karafuu. Ukishakunywa, ndipo rai yenyewe inapokuja: pilipili manga kwa mbali, ganda la mkate ulioiva vizuri, udongo baada ya mvua, na mwishoni ukavu wenye uchachu mdogo unaokufanya utake kurudia. Mdomoni ni nzito, inateleza, inajaza. Kilevi chake ni cha kawaida tu, kama asilimia tano. Uzito ule ni wa nafaka.

Sababu si uchawi. Harufu ya kinywaji ni chembe zinazoruka kutoka kwenye kimiminika kwenda puani. Baridi kali inazizuia zisiruke. Baridi hiyohiyo inaifunga gesi ndani ya bia, na ulimi nao unakufa ganzi. Kwa hiyo kinachobaki ni mchomo na ubaridi. Bia ya rai inapendeza kwenye nyuzi 8 hadi 12 hivi. Ikiwa nyuzi 2, umelipia nafaka ambayo hukuionja.

Halafu kuna jambo la watu. Bia nyingi tunazokunywa hazituulizi chochote, tunapiga stori za mpira na siasa, chupa zinaondoka. Hii ilitulazimisha kuizungumzia yenyewe. Glasi ikapita mkono kwa mkono, kila mtu anasema alichokipata, mwingine anapinga. Mmoja kasema anasikia asali, mwingine kasema ni tumbaku kavu. Mstaafu wetu akanyamaza, kisha akasema ladha hii anaijua: ni mtama uliopitiwa na moto kidogo, kama wa pombe ya mama yake. Hapo mazungumzo yakahama, tukaingia kwenye pombe za wazee wetu, nani alikuwa anapika, kimea kilikaushwa wapi, nani alikuwa na chungu kikubwa kijijini. Watu ambao nimekaa nao baa ile kwa miaka, sikuwahi kuwasikia wakieleza hayo.

Na migebuka! Mafuta ya mgebuka, moshi wa mkaa, ndimu na pilipili, halafu bia yenye ladha ya pilipili manga juu yake. Sijui kama huko Bavaria wana samaki wa kufanana nayo, ila wakija Kigoma tutawaonyesha.

Naomba wanaojua kutengeneza, wanaojua kimea cha mtama na ulezi, na walioonja rai popote, waje tujadili. Nawasilisha.

Kibirizi_Beach

Siti ya mbele kabisa. Mkuu, hiyo baa si ile ya karibu na kona ya kushukia stesheni? Kama ndiyo, migebuka yao naithibitisha.

MtetezwaBaridi

Mleta uzi, umeandika vizuri lakini hapa tuongee. Mimi nipo Kigoma, mchana nyuzi 29, nimetoka kushusha mzigo bandarini. Unaniambia ninywe bia vuguvugu ili nisikie ndizi? Bia kwangu ni kiu kwanza.

ReliYaKati

Mkuu, kwa kiu hiyo uko sahihi na sitakupinga. Lager nyepesi zimeundwa zinywewe baridi, zinapendeza hivyo, na mimi mchana wa jua naagiza hivyohivyo. Angalia pia kwamba nyuzi 10 si vuguvugu. Chupa iliyokaa rafu ya baa zetu ina nyuzi 26 au 27, hiyo ndiyo ya moto ya mstaafu wetu, na hata rai ikiwa hivyo inachosha, gesi inatoka haraka na utamu unazidi. Nazungumzia kiasi cha katikati. Toa chupa kwenye friji, iache mezani wakati samaki anageuzwa, ndipo ufungue.

Ninachoomba ni kwamba mtu akikuletea bia yenye nafaka ya kusema kitu, usiizibe mdomo.

MtetezwaBaridi

Hapo nimekuelewa. Ya kiu na ya kukaa ni mbili tofauti.

FundiMitungi

Wakuu, mimi nafanya kazi ya kupika bia, kiwanda kidogo, sitataja wapi. Naomba niongezee upande wa jikoni, kwa sababu rai ni nafaka inayotutesa na watu wanaoinywa wastahili kujua.

Punje ya shayiri ina ganda linaloshikamana nayo hata baada ya kupurwa. Ukisaga kimea cha shayiri, maganda yale yanatengeneza chujio la asili chini ya pipa, maji matamu yanapita taratibu, machicha yanabaki. Rai haina ganda hilo, inatoka uchi kama ngano. Zaidi ya hapo ina nyuzinyuzi zinazonyonya maji mengi na kuvimba. Unajikuta na pipa zima limeganda kama uji uliosahauliwa jikoni, hakuna kinachoshuka. Nimeshinda kiwandani hadi usiku wa manane kwa sababu ya rai.

Dawa zipo. Kwanza unaanza na joto la chini, nyuzi 40 hadi 45, unaliacha hapo kwa muda ili vimeng'enya, kemikali za punje yenyewe za kuvunjavunja, vikate zile nyuzinyuzi, ndipo unapanda hadi 65 au 67 ambapo wanga unageuka sukari. Pili, unachanganya makapi ya mpunga. Ndiyo, makapi yale yanayotupwa nje ya mashine za kukoboa. Hayana ladha, hayana sukari, kazi yake ni kufungua njia ya maji. Viwanda vya nje vinayanunua kwa magunia, na sisi tuna milima yake.

Viwanda vingi vidogo vya Marekani vinaweka rai asilimia 10 hadi 20 tu, kwa ajili ya ule ukali wa pilipili, halafu wanajaza hopsi. Roggenbier ya Kijerumani inafika nusu ya nafaka yote au kupita. Hiyo mliyokunywa ninyi ni ya pili, kwa maelezo ya mleta uzi. Aliyeipika alifanya kazi.

Kitu kingine. Kama chini ya chupa kuna utando, hiyo ni hamira imetulia. Mimina taratibu robo tatu, zungusha kilichobaki, kisha mwaga juu ya glasi. Ndizi na karafuu nyingi zimejificha humo.

ReliYaKati

Fundi, ubarikiwe. Ule utando tulizungusha na glasi ya mwisho ndiyo iligombaniwa. Swali: kwa nini tusiilime rai hapa? Kasulu na Buhigwe kuna baridi.

FundiMitungi

Baridi ya Kasulu haitoshi mkuu. Rai nyingi inayolimwa Ulaya inapandwa vuli, inaota kidogo, kisha inalala shambani msimu wa theluji. Bila wiki kadhaa za baridi ya kweli haipati ishara ya kutoa masuke. Hata shayiri ya bia hapa nchini inalimwa kaskazini kwenye miinuko, Karatu, Monduli, magharibi mwa Kilimanjaro. Huku kwenu mna mtama, ulezi, muhogo na ndizi. Mimi ningeanzia hapo.

BintiHeruJuu

Shikamooni wakubwa, vijana habari zenu.

Niliposoma "ndizi mbivu" nikacheka kwa furaha, kwa sababu sisi Waha ndizi tunaziweka kweli. Bibi yangu alikuwa mpikaji anayejulikana, na nimeshika kazi hiyo mkononi mwake, kwa hiyo nitaieleza kama nilivyoiona.

Ndizi za pombe zinakatwa zikiwa zimekomaa lakini mbichi. Linachimbwa shimo, linawashwa moto hadi udongo unashika joto, linasafishwa, linatandikwa majani ya migomba, ndizi zinapangwa, zinafunikwa majani na udongo. Baada ya siku chache zinatoka njano, laini, harufu imejaa boma. Zinamenywa, zinaingia kwenye mtumbwi wa mti, zinakandwa pamoja na nyasi maalumu. Nyasi ndizo zinazoshika machicha na kuachia maji matamu, ndiyo maana niliposoma habari ya makapi ya mpunga nikasema Fundi na bibi wangeelewana. Maji yale yanachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yanafunikwa kwa majani na kuachwa mahali penye joto. Kesho yake inachemka yenyewe bila jiko.

Mstaafu wenu amesema kweli kuhusu mtama uliopitiwa na moto. Ule mkaango ndio unaoleta rangi na ule ukali wa mkate. Ukikaanga kidogo pombe inakuwa nyepesi ya rangi, ukizidisha inakuwa chungu. Bibi alikuwa anapima kwa pua.

Na kuhusu baridi na moto, pombe ile hainyweki na barafu, haijawahi. Chungu kinakaa kivulini, kinapoa kwa pumzi yake, wazee wanakizunguka na mirija, mazungumzo yanaanza. Burundi wana ya mtama mtupu, impeke, inanywewa vilevile kwa mirija kutoka chungu kimoja. Kwa hiyo mleta uzi, hicho mlichokiona pale Mwanga, watu kukaa na kujadili kinywaji chenyewe, mababu zenu walikuwa nacho.

Kibirizi_Beach

Dada umeandika hadi nimesikia harufu.

MwinyiUjiji

Assalaam aleikum. Mimi sinywi kileo, lakini uzi huu nimeusoma wote kwa sababu ya kimea. Mama zetu hapa Ujiji wanatengeneza togwa ya ulezi: uji unapikwa, ukishapungua joto unatiwa unga wa kimea, unaachwa. Ladha inageuka kabisa, uji uliokuwa hauna sukari unakuwa mtamu bila mtu kuweka hata kijiko. Fundi, hicho ndicho kinachotokea kwenye bia?

FundiMitungi

Waaleikum salaam Mwinyi. Ndicho hasa. Punje ikiota inatengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga wake kuwa sukari ili kulisha mche. Sisi tunaikatiza safari yake kwa kuikausha, kisha tunaviamsha vimeng'enya kwa maji ya moto. Togwa ikinywewa mapema inaishia kwenye utamu na uchachu mdogo. Bia inaendelea mbele, hamira inakula ile sukari na kutoa kilevi na gesi. Mama anayesubiri uji upungue joto kabla ya kutia kimea anajua akiweka ukiwa unachemka kimea kinakufa. Mimi natumia kipimajoto kufika palepale anapofika yeye kwa kidole.

Na Warusi wana kwasi, inayotengenezwa na mkate wa rai, kilevi chake ni kidogo mno, watoto nao wanakunywa. Iko jirani sana na togwa.

DaktariWaMtaa

Angalizo moja la afya. Rai ina gluteni, aina ya protini, kama ngano na shayiri. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani mwili wake unaikataa gluteni, asiiguse, iwe bia au mkate. Mtama, ulezi, mahindi na ndizi havina. Hilo ni jambo la kukumbuka mnapojadili bia ya nafaka za hapa, kwa sababu huko nje watu wa aina hiyo wanaitafuta sana bia ya mtama. Na aliyeendesha asinywe, bodaboda zipo.

MnyamweziWaSikonge

Tabora tupo, tumekaa kimya tunasoma. Sisi huku tuna wanzuki, ya asali. Mnaosema ladha ya asali kwenye hiyo bia ya rai, sina shaka na ndimi zenu, ila njooni mwonje asali ya miombo ikiwa imechachuka. Kila msimu ina tabia yake, kulingana na mti uliochanua.

Nina swali kwa mleta uzi. Mbona mnaishia kusifia ya Bavaria? Mwenzenu kabeba chupa kwa ndege na treni, sawa, mmefurahi. Zikiisha?

ReliYaKati

Mnyamwezi, swali zuri na nimekuwa nalo moyoni tangu siku ile.

Naisifia ya Bavaria kwa sababu imestahili, na sitaipunguzia ili kuonekana mzalendo. Kilichonigusa ni namna walivyofanya. Nafaka yao ya kimaskini, ya mashamba ambayo ngano imeyakataa, wameipika kwa uangalifu, wakaiweka kwenye chupa nzuri, wakaandika kwenye lebo kwamba hii ni rai. Mnywaji analipia rai na anaipata.

Sisi pombe ya mtama na ndizi tumeiacha ikae kwenye ndoo za plastiki, inauzwa kwa aibu, kwa bei ya chini kabisa, na mtu akipata mshahara anaikimbia. Watu wanaiweka kapu moja na gongo, wakati gongo ni jambo jingine kabisa, imekatazwa na inaua. Anayepika pombe ya ndizi ya bibi wa Heru Juu, kwa usafi na leseni, akaiweka kwenye chupa ya kahawia, mimi nitakuwa mteja wa kwanza na nitailipia kama nilivyo tayari kulipia ile ya Bavaria. Arusha kuna kampuni ya Banana Investments inayouza mvinyo wa ndizi kwa chupa kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuna wa kusema haiwezekani.

Na wanzuki nitaifuata Tabora, treni inapita hapo.

FundiMitungi

Kuna Wafini wanapika bia inaitwa sahti. Kimea cha shayiri na rai, na badala ya hopsi wanategemea matawi ya mreteni, mti wenye harufu kali. Chujio lao la jadi ni gogo la mti lililochongwa katikati, wanalitandika matawi na majani makavu, nafaka inamwagwa juu, maji matamu yanatoka chini. Mtumbwi wa mti na nyasi, BintiHeruJuu. Hawajawahi kufika Heru Juu na bibi yako hajawahi kufika Finland. Ile bia sasa inapikwa na viwanda vidogo, inauzwa, wageni wanaifuata mpaka vijijini.

BintiHeruJuu

Fundi, mtumbwi wa bibi bado upo, nyuma ya nyumba, mzima. Umenipa hamu.

MtetezwaBaridi

Tusidanganyane lakini, pombe ya kienyeji haikai. Siku ya tatu imekuwa siki. Utaiwekaje kwenye chupa?

FundiMitungi

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Inachachuka kwa sababu hamira haiko peke yake, kuna bakteria wanaotengeneza asidi, na hakuna kinachowazuia. Wazungu waliizoea hopsi kwanza kwa sababu hiyo, inawazuia bakteria wengi, uchungu ukawa desturi baadaye. Ukichemsha maji ya nafaka yako, ukapoza haraka, ukatia hamira safi na kufunga chombo vizuri, unapata wiki na miezi badala ya siku. Unapoteza kidogo ule uchachu wa asili. Wapo wanaochagua kuuacha kwa makusudi na kuuza ndani ya siku chache. Kiwanda kidogo kina nafasi ya kuchagua, kikubwa hakina.

ReliYaKati

Basi ngoja niwape habari. Meza yetu ya Mwanga imekubaliana, mwenzetu kabla hajarudi masomoni, tutakaa tena. Safari hii bila chupa za nje. BintiHeruJuu nimekuandikia pembeni, kama utakubali tunachangia nafaka na kuni, wewe utuongoze. Mama mwenye baa ameshasema jiko la nyuma litumike, ili mradi kibali kiwepo na isiuzwe kiholela.

Nina wasiwasi na kitu kimoja. Mtama unaopatikana sokoni kwa wingi sasa hivi ni mwekundu, na nikiutafuna unakausha mdomo. Ule ukakasi hautaingia kwenye pombe?

BintiHeruJuu

Nimekubali, na chungu nitakuja nacho mimi.

Mwekundu usiuogope. Ndege wanaukimbia kwa sababu ya ukakasi huohuo, ndiyo maana wakulima wanaupenda. Ukiuotesha hivihivi, kimea kinakuwa dhaifu na pombe inakaza ulimi. Dawa yake ni majivu. Unachekecha majivu safi ya kuni, unayakoroga na maji, unaloweka mtama humo usiku kucha. Asubuhi unausuuza vizuri na kuutandaza kwenye majani ya migomba, unaufunika. Unyunyizie maji asubuhi na jioni. Vijimizizi vikitokeza na kuanza kushikana, unauchambua kwa mkono na kuuanika juani mpaka ukauke kabisa. Usiukaushe motoni hata ukiwa na haraka, utakiua kimea. Utakaokaangwa ni ule wa rangi tu, na huo tunauweka kando tangu mwanzo.

FundiMitungi

Yuko sahihi kwa kila hatua. Majivu yanazima ule ukakasi kabla haujakifunga kimea. Wekeni debe moja la kuotesha kwa robo debe la kukaanga, kisha rekebisheni kwa pua ya dada. Na makapi ya mpunga chukueni gunia.

Kibirizi_Beach

Gunia la makapi naleta mimi, mashine ya jirani yangu wanayatupa. Migebuka pia niachieni.